Safu ya Mbele

Soksi nyeupe zilianikwa ndani, kwenye kamba iliyotoka msumari wa mlangoni hadi mguu wa kabati, na mpaka asubuhi zilikuwa bado na unyevunyevu. Mwalimu alizikamua tena, akazikung'uta hewani, kisha akazitandaza juu ya mfuniko wa sufuria ya maji yaliyokuwa yakichemka. Uani kulikuwa na kamba ndefu na jua lilikwisha kupanda. Lakini soksi nyeupe hazianikwi uani siku ya uandikishaji, mbele ya wapangaji wenye macho. Watoto wa shule ya mtaa ule hawakuvaa soksi. Soksi nyeupe zilikuwa na maana moja tu, na kila mtu aliijua.

"Mama, mbona zinalala ndani kama mgonjwa?" aliuliza binti yake.

Binti huyo walimwita Kijino, kwa kuwa jino lake la mbele liling'oka kabla ya wenzake wote, na yeye badala ya kulia akalizungusha mtaa mzima kwenye kiganja kulionyesha.

"Nje kuna vumbi."

"Na mimi je? Mbona mimi nashinda nje?"

Baba yake, fundi wa kuchomelea vyuma, aliyekuwa akifunga kamba za viatu vyake vilivyojaa matundu ya cheche, alicheka peke yake. Kisha akaacha kucheka.

"Mwalimu," alimwambia mkewe. Hata yeye alimwita hivyo, tangu enzi za uchumba, kwanza kwa utani, baadaye kwa mazoea. "Mama Kasuku utamwambia lini?"

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Si nimesema nitamwambia?"

"Haya. Ila yule mwanamke ukimficha jambo, moshi wa mkaa wake utakuja kukuuliza."

Mwalimu alizigeuza soksi upande wa pili.

Alikuwa akifundisha darasa la kwanza katika shule ya mtaa, hatua chache kutoka nyumbani. Kengele ikilia, sufuria zake zilisikia. Mtu yeyote angedhani jambo la Kijino halina mjadala: mtoto atavuka barabara ya vumbi, ataingia darasani kwa mama yake, saa sita watarudi pamoja. Ndivyo alivyodhani hata yeye, mpaka mwaka uliopita.

Mwaka uliopita darasa lake lilikuwa na watoto zaidi ya mia, katika chumba kilichojengwa kwa ajili ya theluthi yao. Mbele kulikuwa na madawati, watoto wamebanana kama viberiti. Katikati kulikuwa na mbao zilizoegeshwa juu ya matofali. Nyuma kulikuwa na sakafu. Yeye alisimama ubaoni, akapaza sauti mpaka mishipa ikamtoka shingoni, na sauti ile ilifika katikati ya chumba ikachoka. Alijua. Kila siku alijua, na kila siku alijiambia kwamba kesho ataanza na wa nyuma.

Siku ya kufunga shule, msichana mmoja mwembamba alisimama mlangoni kwake akiomba kufunguliwa darasa achukue sweta aliyoisahau.

"Wewe ni wa darasa la nani, mama?" Mwalimu alimuuliza kwa upole.

Mtoto alimtazama, akadhani anataniwa. "La kwako, Mwalimu."

Hilo hakumwambia mtu. Kwa mumewe alisema tu kwamba shule imejaa, kwamba hapafai, na fundi, ambaye hakupenda maneno mengi, alikwenda kwa mwenye shule ya kulipia iliyoko ng'ambo ya soko, akakubaliana naye kwamba sehemu ya ada atailipa kwa mageti na bembea. Majirani walipouliza bembea zile ni za nani, alisema ni za tajiri mmoja. Hakuna aliyejua kwamba Mwalimu, anapomhamisha mwanawe, hakimbii vumbi wala sakafu. Anamkimbiza kutoka kwake mwenyewe.

"Saa nane uwe umeoga," alimwambia Kijino. "Na usizungumze na mtu habari za leo."

"Hata Kasuku?"

"Hasa Kasuku."

*

Uwanja wa shule ulikuwa umefagiwa, na meza mbili zimetolewa nje chini ya upenu wa bati. Wazazi walipanga foleni, wengi wao wanawake, wengine na vichanga mgongoni. Mwalimu mkuu, mzee mwenye kikohozi kisichopona na kalamu tatu mfukoni ambazo mbili hazikuandika, alikuwa akitembea huku na huko kama mwenye harusi anayehofia chakula hakitatosha. Wasiwasi wake ulikuwa wa aina nyingine: alihofia wageni hawatatosha.

"Wamepungua," alimnong'oneza Mwalimu. "Wanakwenda ng'ambo ya soko. Idadi ikishuka na mgao wa fedha unashuka. Tutakosa hata chaki."

"Lakini mwalimu mkuu, waliopo hawana pa kukaa."

"Najua hawana pa kukaa. Wasipokuja zaidi, watakosa pa kukaa na chaki pia."

Afisa elimu alifika katikati ya asubuhi, kwa gari lililosimama kwenye kivuli pekee kilichokuwepo, wazazi wakasogea juani kulipisha. Alikuwa mtu wa tabasamu, amenyoa vizuri, ananukia. Alipeana mikono na walimu, akawapungia wazazi, akasema serikali inawapenda. Akasema elimu ni haki ya kila mtoto. Akasema wazazi wanaowapeleka watoto shule za kulipia wanatafuta sifa tu, maana kusoma ni kichwa, si jengo. Watu walimsikiliza kwa adabu, jinsi mtu anavyosikiliza tangazo la maji ambayo hayatoki.

Mwalimu mkuu aliiona foleni ikisitasita. Pembeni, karibu na ukuta, palikuwa na wanawake waliokuja kutazama kwanza, wameshika watoto wao mikono, hawajaingia wala hawajaondoka.

"Sema nao wewe," alimwambia Mwalimu. "Wanakuamini. Maneno mawili tu."

"Mimi sina la kusema."

"Mwalimu. Nakuomba."

Akasimama. Alisema shule hii ni yao, wengi wamesoma hapa, walimu wanajitahidi. Hapo hakudanganya. Akataka kuketi.

"Ngoja kwanza, Mwalimu!" ilipaa sauti kutoka kwenye foleni, na watu wakaanza kutabasamu kabla hata ya kugeuka, kwa kuwa sauti ile waliijua.

Mama Kasuku aliuza mkaa kwenye kona, na hakuna nyumba mtaani isiyopika kwa mkono wake. Siku hiyo alikuwa amevaa gauni lake la sherehe, na bado weusi ulikuwa umejichora kwenye mistari ya viganja vyake kama ramani. Binti yake alisimama mbele yake, amemzidi Kijino kichwa kizima ingawa walizaliwa msimu mmoja. Mdomo wake, uliomletea jina la Kasuku, ulifungwa kwa amri maalumu ya siku hiyo.

"Mnisamehe," alisema Mama Kasuku. "Leo nimejisugua mpaka nimepauka, wasije wakadhani nimeleta kuandikisha gunia." Watu wakacheka. Hata afisa akacheka. "Mimi sijui mambo ya shule. Nilisoma mpaka pale wanapofundisha kuhesabu, nikaona panatosha. Kwa hiyo siulizi mengi. Nauliza moja tu. Huyu wangu na wa Mwalimu wamekula sahani moja tangu wanatambaa. Mwalimu, wa kwako unamweka wapi? Maana popote unapomweka wewe, na mimi namweka hapo hapo, nikalale usingizi."

Wale wa ukutani walisogea. Mwalimu aliwaona wakisogea. Alimwona mwalimu mkuu akitazama viatu vyake, na afisa akiinua nyusi, anasubiri kwa furaha.

Angeweza kusema. Baadaye alijaribu kukumbuka ni nini hasa kilichomzuia, akakuta ni kitu kidogo cha aibu: aliogopa uso wa afisa.

"Wapi tena, Mama Kasuku?" alisema, na akajisikia akitabasamu. "Mwenye mtungi wake haombi maji kwa jirani."

Uwanja ulipasuka kwa makofi. "Hayo ndiyo maneno!" alisema afisa. "Mmesikia, wazazi? Mmesikia?" Mama Kasuku alipiga kigelegele kimoja kifupi, akamsukuma binti yake hadi mezani. Wale wa ukutani wakaja nyuma yake, wakiwavuta watoto.

Hakuwa ametamka uongo. Ndivyo alivyojiambia huku akiandika majina. Hakusema Kijino anakuja hapa. Alitaja methali, na methali haina kiapo. Lakini kila mama aliyefika mezani alimwambia, "Tuko pamoja, Mwalimu," na kila alipoambiwa hivyo, kalamu ilizidi kuwa nzito.

Afisa hakukaa sana. Dereva wake alimjia akamkumbusha, kwa sauti ambayo haikuwa ndogo ya kutosha, kwamba watoto walikuwa wanasubiri kuchukuliwa kule shuleni kwao, na foleni ya magari hapo getini huwa mbaya ikifika mchana. Afisa akaangalia saa, akawapungia watu mkono, akaondoka na kivuli chake.

*

Saa tisa Mwalimu alikuwa ng'ambo ya soko, amemshika Kijino mkono, wamepita njia ya nyuma ya machinjio ili wasionekane. Soksi zilikuwa zimekauka visigino tu. Geti la shule lilikuwa la bluu, limechorwa jua linalocheka, na Kijino aliligusa kwa kidole.

"Hili kalitengeneza baba?"

"Ndiyo. Shh."

Mlinzi aliwaelekeza kwenye benchi lililo mbele ya ofisi. Mwalimu alikuwa amekwisha kuketi, amekwisha kumrekebisha mtoto kola, ndipo alipotambua kikohozi.

Mwisho wa benchi lile alikaa mwalimu mkuu. Pembeni yake alikuwa mvulana mdogo mwenye soksi nyeupe.

Hapakuwa na pa kukimbilia. Wote wawili walitazama mbele, kwenye ukuta, ambapo palibandikwa picha za matunda.

"Mwalimu," alisema mzee hatimaye.

"Mwalimu mkuu. Shikamoo."

"Marahaba."

Walisalimiana kama watu waliokutana msibani, kila mmoja akidhani mwenzake ndiye mfiwa.

"Mjukuu wangu huyu," alisema mzee. "Mama yake ndiye king'ang'anizi. Mimi nilimwambia, lakini unawajua vijana wa siku hizi."

"Hata mimi, ni baba yake," alisema Mwalimu. "Ameng'ang'ania."

"Wanaume."

"Ndiyo hivyo."

Kijino aliinua uso akamtazama mama yake, kisha akauficha kwenye gauni. Alikuwa na umri mdogo, lakini alimjua baba yake, na alijua baba yake hajawahi kung'ang'ania kitu.

Mzee alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza, alizungumza kwa sauti ambayo Mwalimu hakuwahi kuisikia kule shuleni, sauti isiyo na ofisi ndani yake.

"Leo ulizungumza vizuri."

Mwalimu angependa zaidi kama mzee angemtukana.

Waliitwa ndani kabla ya mzee. Mwenye shule alikuwa mama wa makamo, mnene, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alimpa Kijino kitabu chenye picha, na Kijino akasoma, taratibu, akiteleza kwenye pengo la jino, kwa kuwa mama yake alimfundisha mwenyewe nyumbani jioni baada ya jioni, wawili tu, kidole kwa kidole. Mwalimu alimsikiliza, na katikati ya fahari yake likamchoma wazo kwamba hakuna mtoto hata mmoja wa darasa lake aliyewahi kupewa jioni moja ya namna hiyo.

"Safi sana," alisema mwenye shule. "Na mama anafanya kazi gani, mpenzi?"

"Mwalimu."

"Wa wapi?"

"Wa ile shule ya watoto wengi."

Mwenye shule alicheka bila ubaya. "Walimu ndio wateja wangu wazuri," alimwambia Mwalimu. "Hawanisumbui kwa maswali. Wanajua."

Kisha akawatembeza kuona darasa. Kila mtoto alikuwa na kiti chake, na kila kiti kilikuwa na karatasi imebandikwa mgongoni, na kwenye karatasi jina la mtoto. Mwalimu alisimama mlangoni akiyasoma majina yale, kiti kimoja baada ya kingine. Mwenye shule alidhani anahesabu nafasi.

"Ipo, ipo," alimtuliza. "Wako tumeshamwekea."

*

Jioni mkaa ulikwisha. Fundi alikuwa bado karakanani, na Kijino alikuwa anacheza uani, kwa hiyo Mwalimu alichukua ndoo akaenda mwenyewe. Alipokaribia kona, aliona Mama Kasuku amekwisha kuvua gauni la sherehe, amejifunga kanga ya kazi, anachekecha vumbi kutoka kwenye vipande.

"Karibu, Mwalimu."

"Ahsante. Nipe ndoo moja."

Mama Kasuku alianza kujaza. Alichagua vipande vikubwa, akavipanga kwa mkono, kimoja kimoja, tofauti na siku zote alipokuwa akimimina kwa koleo.

"Kijino amenogewa na bembea," alisema hatimaye, bila kuinua kichwa. "Kamsimulia Kasuku, Kasuku kaniambia. Unajua, mwanangu lile jina hakupewa bure. Bembea, na kitabu cha picha, na geti la bluu lenye jua. Nikamuuliza, hiyo ni shule gani tena? Maana yetu tangu nizaliwe haina hata geti."

Mwalimu alishika ukingo wa ndoo. "Mama Kasuku, nilitaka kuja..."

"Mtungi wako umeuacha, ukaenda kwa jirani."

"Nilitaka kuja kukwambia."

"Najua. Ulikuwa njiani." Alisema bila hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Sikuchukii. Sikiliza, sikuchukii. Mtu akiwa na mlango anampitisha mwanawe, hata mimi ningempitisha. Ungekuja ukaniambia, 'Jirani, mimi nina mlango, wewe huna,' ningekwambia, 'Pita.' Kesho ningekuuzia mkaa. Lakini wewe umenisimamisha mbele za watu ukaniimbia methali, na mimi nikapiga kigelegele."

Mwalimu alifungua mdomo. Maneno yote aliyokuwa nayo yalikuwa ya darasani.

"Nilipiga kigelegele, Mwalimu," alirudia Mama Kasuku, kama mtu anayejishangaa mwenyewe.

Mwanamke mwingine alipita na mtungi wa maji, akawasalimu, wakaitikia wote wawili kwa uchangamfu, wakangoja apite.

"Nisamehe," alisema Mwalimu.

"Hilo tutaliona. Kwanza nataka kitu. Mimi mwanangu nimeshamwandikisha, na kwingine sina pa kumpeleka. Basi nipe neno moja la kweli. Si methali. Wewe unalijua lile darasa kuliko mtu yeyote. Wangu afanyeje?"

Mwalimu alitazama barabarani pande zote. Aligundua kwamba alikuwa anatazama kama mwizi. Aliinamia ndoo, akasema kwa sauti ya chini sana.

"Mlete mapema siku ya kwanza. Kabla ya wote. Akae safu ya mbele."

"Safu ya mbele."

"Atakapokaa siku ya kwanza ndipo atakapokaa mwaka mzima. Usiache wamsogeze."

"Na wa nyuma?"

Mkaa ulikuwa umejaa. Kipande kimoja kiliteleza kikaanguka, na hakuna aliyekiokota.

"Wa nyuma siwafikii," alisema Mwalimu. "Najaribu. Siwafikii."

Mama Kasuku aliinua kichwa, na kwa mara ya kwanza siku ile Mwalimu aliona kwamba jirani yake amechoka. Kisha akaongeza vipande viwili vya nyongeza juu ya ndoo, akamsukumia.

"Ahsante," alisema. "Hilo lilikuwa la kweli."

*

Siku ya kwanza ya muhula, fundi alimpakia Kijino kwenye baiskeli kungali na umande, akampitisha soko kabla halijafunguliwa. Mwalimu alibaki akiwasindikiza kwa macho. Kisha akachukua chaki zake, rula na ufunguo wa darasa, akavuka barabara.

Alizisikia sauti kabla ya kufika. Alidhani pametokea ugomvi. Alipokata kona ya choo akaona mbele ya darasa la kwanza umati wa wanawake, wamefunga kanga viunoni, kila mmoja ameshika mtoto, wamesukumana hadi mlangoni. Wengine walikuwa wamefika gizani. Mmoja alikuwa ameketi kizingitini akimnyonyesha kichanga, na mwanawe mkubwa amembana kati ya magoti ili asipoteze nafasi.

"Huyo amekuja! Fungua, Mwalimu!"

"Kuna nini?" aliuliza, ingawa alikwisha kujua.

"Tumeambiana," alisema wa kizingitini. "Nyuma hatukai."

Mama Kasuku alikuwa mlangoni kabisa, bega lake kwenye ubao. Hakuonekana kuomba radhi. "Ulinipa neno, nami nina majirani," alisema. "Ningelikalia peke yangu, ningekuwa nani?"

Ufunguo ulipogeuka, walimiminika. Vilio vilipanda, viatu vilitoka, mtoto mmoja akapita dirishani akisukumwa na bibi yake. Kufumba na kufumbua safu ya mbele ilikuwa imekaliwa na watoto na mama zao juu ya dawati moja, wengine wamepakata, wengine wamesimama juu ya mbao. Nyuma, ile sakafu kubwa ilikuwa tupu.

Mwalimu mkuu alifika akikohoa. "Jamani, jamani! Wazazi nje! Hii ni shule!"

"Tutatoka," alisema Mama Kasuku. "Tutatoka sasa hivi, mwalimu mkuu. Utuambie tu, mtoto wa nani akae nyuma."

Mzee aliangalia dari, ambapo bati lilikuwa na tundu, kana kwamba jibu lilikuwa limepigiliwa hapo. Kisha akamgeukia Mwalimu.

"Panga darasa lako," alisema, akatoka.

Wanawake wote walimtazama yeye. Alitafuta njia isiyokuwa na jina la mtu ndani yake. Ilikuwepo moja tu, ile iliyotumika tangu yeye mwenyewe alipokuwa mtoto.

"Tutapanga kwa kimo," alisema. "Wafupi mbele, warefu nyuma. Ili kila mtu aone."

Walinung'unika, lakini hawakuwa na la kusema, kwa kuwa ilikuwa haki. Alianza kuwapanga, mmoja mmoja, akiweka kiganja juu ya vichwa. Wa mbele, wa katikati, wa nyuma. Akina mama waliruhusu mikono iachane. Kila mtoto aliyepelekwa sakafuni, mama yake alimfuata kwa macho mpaka akaketi.

Alipofika kwa Kasuku, kiganja chake kilibaki hewani. Mtoto alikuwa ameketi katikati ya safu ya mbele, mgongo wima, mdomo umefungwa kwa adabu kubwa, na hata akiwa ameketi aliwapita wote. Mwalimu alivuta mkono. Alimruka, akagusa kichwa cha mtoto aliyefuata.

"Na huyo je?" aliuliza mtu nyuma yake. "Huyo wa Mama Kasuku si mrefu? Au jirani hapimwi?"

Mwalimu hakugeuka. Alijua kwamba akisema abaki, wote watalipuka, na akisema aondoke, atakuwa amemgeuka jirani yake mara ya pili. Alisimama hapo na mkono wake mtupu, akingoja mtu mwingine aseme, kama alivyongoja siku zote.

Mama Kasuku ndiye aliyemwinua mwanawe. Alimshika bega, akampitisha kati ya madawati, wakaruka mbao, mpaka ukutani mwisho kabisa. Alikunjua kitambaa alichokuwa nacho kichwani, akakitandika sakafuni, akamketisha juu yake.

"Tulia hapo mwanangu," alisema, kwa sauti ya kusikika na wote. "Mwalimu wako ni mtu wa nyumbani. Anakujua jina."

Kisha akatoka, kichwa wazi, na wanawake wengine wakamfuata.

Mwalimu alingoja mpaka vumbi litulie. Akageukia ubao, akaandika herufi moja, kubwa kuliko alivyowahi kuiandika, mpaka chaki ikakatika. Alipogeuka, vichwa vilikuwa vimejaa chumba kizima, mstari juu ya mstari, na mwishoni kabisa havikuwa tena vichwa, bali weusi unaotikisika ukutani.

"Huko nyuma," aliita, akinyoosha shingo, "mnaona?"

"Tunaonaaa!" wakaitikia wote kwa pamoja, kwa nguvu, kama walivyofundishwa nyumbani kumwitikia mwalimu. Na kutoka pale aliposimama, hakuweza kujua ni kinywa cha nani kilichofunguka.